Homa kwa mtoto anayeharisha: anza na ngozi ya tumbo

REHEMA: Karibuni. Leo tuna mtoto wa miezi 14, kilo 8, anaharisha tangu jana na joto limefika 39. Kaka Juma, unaanzia wapi?

JUMA: Kwenye ngozi ya tumbo, dada. Homa ndiyo inayomtia mama hofu, lakini kinachoua haraka ni maji yanayomtoka. Bana ngozi kati ya kitovu na ubavu, achia. Ikirudi polepole, macho yamezama na anakunywa kwa pupa, ana upungufu wa maji wa kiasi. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, naye amelegea au hawezi kunywa, huyo ni wa dripu mara moja.

REHEMA: Kuhusu macho, muulize mama kama ndivyo yalivyo siku zote. Haya, tuseme wetu ni wa kiasi, na hana utapiamlo mkali, maana mwenye utapiamlo ana hesabu zake.

JUMA: Mililita 75 za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji safi, kwa kila kilo, ndani ya saa 4. Mara 8 ni 600, yaani 150 kwa saa. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo kijiko kimoja kila dakika 2 kinatimiza hizo 150.

REHEMA: Na hapa ndipo wodi nyingi zinapoteleza! Mtoto ana kiu, anapewa kikombe kizima, anatapika, tunaandika "anatapika kila kitu" na kutundika dripu isiyohitajika. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena taratibu zaidi. Soma pakiti pia. Ya lita 1 ikikorogwa kwenye nusu lita inakuwa kali mno: inavuta maji kuingia utumbo, kuharisha kunazidi, na sodiamu ya damu inapanda. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

JUMA: Joto tupime kwapani, na jasho lifutwe kwanza, la sivyo kipimajoto kinasoma chini. Likifika 38.5, parasetamo miligramu 15 kwa kilo. Huyu apate 120, kila baada ya saa 6.

REHEMA: Lebo isomwe! Ipo ya maji yenye miligramu 120 kwenye mililita 5, na ipo yenye 250. Ukisema tu "kijiko kimoja", huenda umempa zaidi ya mara mbili. Ibuprofeni asipewe: aliyepungukiwa maji, figo zake tayari zinapata damu kidogo.

JUMA: Wala asimwagiwe maji ya baridi. Atatetemeka, na kutetemeka kunazalisha joto. Ondoa blanketi, fungua dirisha, inatosha.

REHEMA: Lakini shika mikono na miguu. Tumbo la moto na vidole vya baridi, ukibonyeza ukucha rangi inachelewa zaidi ya sekunde 3, hiyo ni dharura. Mwite daktari.

JUMA: Tusisahau chanzo. Kuharisha kwenyewe hakuwashi homa. Mara nyingi maambukizi ndiyo yanayoleta vyote viwili. Pima malaria, tazama masikio, hesabu pumzi. Kinyesi kikiwa na damu, siprofloksasini miligramu 15 kwa kilo mara mbili kwa siku, siku 3. Kama hakuna damu wala dalili za kipindupindu, antibiotiki kwa ajili ya kuharisha haina kazi.

REHEMA: Saa 4 zikiisha, rudia vipimo vyote tangu ngozi. Kope zikivimba, simamisha ORS, endelea na maji safi na maziwa ya mama. Zinki anapewa miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma. Chini ya miezi 6 ni 10. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maji.

JUMA: Nyumbani, mililita 50 hadi 100 za ORS kila baada ya choo cha maji, chakula kama kawaida. Kabla hajaondoka, mama akoroge pakiti moja mbele yako, kwa chombo kile kile atakachotumia kwake.