Kabla Hujamlaumu Mwimbaji, Kikague Chumba

(Mhadhara kwa waimbaji na maprodyuza wa studio za nyumbani, Dodoma)

Mbukwenyi! Asanteni. Kaeni, kaeni. Na ninyi mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, havina mwenyewe.

Waandaaji wamenipa orodha ndefu ya kuzungumzia: maiki, saundi kadi inayounganisha maiki na kompyuta, programu, kompresa, ototyuni ya kunyoosha noti, miksi ya kusawazisha sauti. Nitaigusa nikipata muda. Naanza na jambo ambalo halimo kwenye orodha, na walionisikia siku za nyuma wanalijua. Chumba. Nitalirudia leo na nitalirudia kesho, maana bado vijana wanakopa pesa, wananunua maiki ya kondensa, ile nyepesi kunasa kila kitu, kisha wanaisimamisha katikati ya sebule yenye marumaru, jipsamu na madirisha ya alumini. Halafu wanashangaa.

Kinachoniuma zaidi ya pesa hiyo ni yule anayeimba. Anaambiwa sauti yake mbaya. Anaamini, kwa sababu aliyemwambia ni prodyuza, ana kompyuta na spika mbili kubwa. Anarudi nyumbani na haimbi tena. Tumepoteza waimbaji wangapi mkoa huu kwa sababu ya kuta nne?

Niwape kisa. Yupo dada mmoja wa kwaya, mwenyeji wa Mpwapwa, anaimba sauti ya kwanza. Ukimsikia kanisani huhitaji kuambiwa aliyeimba ni nani. Kwaya ikamteua aongoze wimbo, ikampeleka kwenye studio ya nyumbani hapa mjini. Akaimba asubuhi mpaka mchana. Jibu alilopewa: sauti yake nyembamba, inatokea puani, haifai kuongoza, labda aitikie nyuma. Mwalimu wa kwaya akaniletea ile rekodi kwenye simu. Kweli, ilisikika nyembamba. Ilisikika kama inatoka ndani ya pipa. Lakini nilipovaa hedifoni nikasikia kitu kingine: kila neno lilikuwa na mkia. Akisema "Bwana", baada ya ile "na" kuna kivuli kidogo kinakuja nyuma yake, kigumu, kinalia. Huo mkia haukutoka kooni mwa mtu.

Nikaomba kupelekwa. Chumba cha futi 10 kwa 10, na dari nayo iko futi 10. Angalieni hapo: urefu, upana na kimo, vyote sawa. Sakafu marumaru, dari jipsamu, ukutani hakuna kitu ila kalenda. Meza ya kioo. Maiki iko katikati kabisa. Nikapiga kofi moja tu, kavu. Chumba kikajibu: trrrr! Nikamwambia kijana, piga na wewe. Akapiga. Trrrr! Akaniangalia. Alikuwa amefanya kazi humo muda mrefu na hajawahi kukipigia chumba chake kofi.

Sasa, chumba cha pili ni cha mama mwenye nyumba. Mama anauza mitumba soko la Sabasaba. Humo ndani kuna kitanda na godoro nene, kabati limejaa nguo, zulia, na marobota mawili ya nguo ambayo hayajafunguliwa. Nikapiga kofi. Kimya. Kofi likafa palepale. Tukamwomba mama ruhusa, Mungu ambariki, akatukubalia. Robota tukaliinua juu ya robota, yakawa kama ukuta, tukamsimamisha dada mbele yake, yako mgongoni. Kushoto tukafungua milango ya kabati, nguo zikawa wazi. Kulia tukasimamisha godoro. Juu ya kichwa chake tukatandaza blanketi zito kutoka kabatini mpaka juu ya marobota. Maiki ileile. Saundi kadi ileile. Dada yuleyule, na alikuwa amechoka zaidi ya mara ya kwanza. Akaimba ubeti mmoja.

Yule kijana akasikiliza, akavua hedifoni, akaziweka mezani, akamgeukia dada akamwambia, "Dada, nisamehe." Sikumwambia aseme hivyo. Sauti ilikuwa pana, imesimama, ipo karibu, unasikia pumzi inavyoingia kabla ya neno. Puani kulikwenda wapi? Hakukuwapo tangu mwanzo.

Sasa nieleze kilichotokea, maana sitaki mkariri kwamba dawa ni mitumba. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Midomo ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye maiki, sauti inafika pale mara moja. Lakini sauti haiendi kwenye maiki peke yake. Inapita, inagonga ukuta, inarudi. Ikizunguka mita 3 zaidi, inafika kwenye maiki ikiwa imechelewa kama milisekunde 9. Sikio halisemi "huu ni mwangwi", muda ni mfupi mno. Ila zile sauti mbili zinachanganyika, na baadhi ya masafa, yaani ngazi za sauti kutoka nzito mpaka nyembamba, yanafutana, mengine yanaongezeana. Ndiyo hiyo sauti ya pipa, ndiyo hiyo inayoitwa ya puani. Na chumba kikiwa na pande tatu zilizo sawa, mambo yanazidi. Mita 3 kila upande, chumba kinavimbisha masafa ya karibu hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, na 114, na 171, na kuendelea, na kila pande mbili zinazotazamana zinarudia masafa yaleyale. Ya sita katika mfululizo huo ni karibu hezi 343, na hiyo ni noti ambayo mwimbaji wa sauti ya kwanza anaipita kila wakati! Akiifikia, sauti inavimba. Akipanda kidogo, inapungua. Prodyuza anamwambia, "Dada, huna pumzi ya kutosha, sauti inayumba." Chumba ndicho kinachoyumbisha!

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: "Mzee, siku hizi kuna plagini, programu ndogo za kuondoa mwangwi." Zipo. Nazitumia. Zinasaidia kwenye mahojiano, kwenye video ya harusi. Kwa kuimba, zinakula mkia wa chumba pamoja na mwisho wa pumzi ya mwimbaji, na herufi s inabaki kama maji yanayochemka. Na fikiria unachofanya baadaye: unaweka kompresa. Kompresa kazi yake ni kupunguza kilicho kikubwa, kisha unapandisha vyote. Kinachopanda ni nini? Ni vile vidogo vilivyokuwa vimejificha, na kikubwa kati ya hivyo vidogo ni chumba chako. Kadiri unavyoibana sauti, ndivyo marumaru yako yanavyosikika. Hapo utamwagia riverbu, mwangwi wa kuongezea, ya kanisa kubwa ili ufiche. Riverbu juu ya chumba kibaya ni vyumba viwili kwa wakati mmoja.

Mwingine anasema: "Mbona Billie Eilish alirekodi chumbani na akazoa tuzo za Grammy mwaka 2020?" Swali hili naulizwa kila mahali, na nalipenda, maana linanisaidia mimi. Alirekodi wapi? Chumba cha kulala cha kaka yake, nyumbani kwao Los Angeles. Chumba cha kulala, ndugu zangu! Kuna kitanda, kuna godoro, kuna nguo. Na mbele ya maiki kuna kaka anayesikiliza kila pumzi. Ninyi mnachukua habari ya "chumbani" mnaipeleka sebuleni.

Trei za mayai mnazobandika ukutani eti zinyonye sauti. Naomba tulimalize leo. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Inanyonya kidogo sana masafa ya juu, na hapo chini haifanyi kitu chochote. Ukizibandika chumba kizima unapata chumba chenye sauti ya kuziba juu na ya kuvuma chini, na mende, na kitu kinachoshika moto haraka kuliko unavyoweza kufungua mlango. Zitoeni. Zipelekeni kwa wafugaji, zina kazi huko. Kinachonyonya sauti ni kitu kinene ambacho hewa inaweza kuingia ndani yake: sponji ya godoro, pamba, sufi, nguo zilizorundikana, blanketi zito lililokunjwa na kuachiwa nafasi ya kiganja au zaidi kutoka ukutani. Unene ndio unaoamua. Khanga moja ukutani ni pambo. Na godoro lenye kifuniko cha nailoni, livue kwanza, nailoni inaizuia hewa isiingie.

Na kwa nini robota tuliliweka nyuma ya mwimbaji, na siyo nyuma ya maiki kama mnavyoona kwenye picha? Kwa sababu maiki nyingi mnazotumia zinasikia mbele na kupuuza nyuma. Mbele ya maiki kuna mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji kuna nini? Ukuta. Maiki inautazama huo ukuta uso kwa uso. Ukiwa na godoro moja tu, liweke hapo. La pili liweke ubavuni. La tatu ndiyo ufikirie nyuma ya maiki. Na mgongo wa maiki uelekeze kwenye kelele: feni ya kompyuta, dirisha la barabarani.

Ngoja, kuna jambo wengi wanachanganya. Godoro halizuii bodaboda kusikika. Kunyonya sauti iliyo ndani ni kazi moja, kuzuia ya nje ni kazi nyingine, na hiyo ya pili inataka uzito na kuziba mianya. Weka mpira chini ya mlango. Zima friji, zima feni. Kisha pangilia saa. Dodoma tuna bahati, mvua zetu zinakuja Desemba mpaka Aprili, miezi iliyobaki bati halipigiwi ngoma. Lakini jua likichomoza na likizama mabati yanatanuka na kusinyaa, tak, tak, na upepo wa kiangazi mnaujua. Rekodi baada ya saa nne usiku. Adhana ina saa zake, zinajulikana, panga nazo.

Kuna kitu kingine nataka mnisikilize vizuri, wadogo zangu mnaorekodi nyimbo za asili. Kwetu hapa watu wanaimba uwanjani. Muheme, nindo, msunyunho, ngoma na nyimbo za Wagogo, hiyo ni sauti juu ya sauti, watu wamesimama pamoja, hakuna kuta. Nje ndipo mahali ambapo sauti inaondoka na hairudi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki, mtoto wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, alikuwa anashuka chini kabisa na kupanda juu kabisa ndani ya wimbo mmoja, na kote huko sauti haipotei. Sasa mnamchukua bibi kutoka Chamwino aliyeimba nje maisha yake yote, mnamfungia kwenye chumba cha marumaru, mnamvika hedifoni, mnamwambia aimbe peke yake. Anasikia sauti ambayo si yake. Anapunguza. Anajizuia. Kisha mnasema wazee hawajui kurekodi! Mpelekeni nje. Alfajiri ambayo upepo umetulia, mbali na barabara na mbali na kuta, maiki mbili zimevikwa manyoya ya kuzuia upepo, waimbaji wenzake wamsimamie pembeni kama walivyozoea, aliye na sauti kubwa arudi hatua mbili nyuma. Hizo hatua mbili ndiyo miksi yenu. Hakuna studio ya nyumbani mjini hapa itakayokupa sauti kavu kama hiyo, na haikugharimu hata godoro.

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Haya, ile orodha, kwa haraka.

Maiki. Kama chumba bado hujakitibu, nunua dainamiki kabla ya kondensa. Unaimba karibu zaidi, chumba kinaingia kidogo. Wanaosema dainamiki ni ya jukwaani tu, Michael Jackson aliimbia Shure SM7 kwenye albamu yake ya mwaka 1982, na hiyo ni dainamiki. Kondensa inataka volti 48, washa kwenye saundi kadi. Ukimaliza kazi ifunike, vumbi la hapa halina huruma.

Umbali. Kiganja kimoja kilichonyooshwa, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, basi. Ukisogea mara mbili mbali, sauti yako inashuka desibeli 6 na chumba kinabaki palepale. Ukisogea karibu mno, besi inavimba. Weka kichujio cha kuzuia pumzi ya p na b, au geuza maiki kidogo pembeni ya mdomo.

Gaini, yaani nguvu ya sauti inayoingia. Rekodi kwa biti 24, kilele cha sauti kisipite desibeli 10 chini ya sifuri. Msitafute mstari mwekundu, hatuko kwenye kaseti. Mwimbaji akipaza akapasua, hakuna plagini ya kukurudishia.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio, mdundo wa wimbo upungue humo, la sivyo utausikia ndani ya sauti ya mwimbaji. Mwimbaji akisema anajisikia amechelewa, punguza bafa, ule muda ambao kompyuta inaishikilia sauti kabla ya kuitoa, na usibishane naye. Mngurumo wa hezi 50 unaousikia chini ni umeme. Mwite fundi aangalie waya wa ardhini, na ung'oe chaja ya kompyuta ujaribu kwa betri. Maji ya kunywa, ya kawaida, yasiwe ya baridi, hewa yetu hukausha koo.

Ototyuni na masta, hatua ya mwisho ya kukamilisha wimbo, sitazigusa leo, muda umekwisha, na chumba kikiwa sawa utazihitaji kidogo kuliko unavyofikiri. Maswali sasa. Yule dada wa nyuma kabisa, ulinyoosha mkono nilipotaja mitumba. Simama, sema kwa sauti, ukumbi huu nao una marumaru.