Nani Kamfuga Huyo Nunda? Mhadhara kuhusu muvi za madude makubwa

Shikamooni wazee, wadogo zangu mambo vipi. Asanteni kwa kuja na mvua yote hii, na walioko nyuma kama hamsikii vizuri nyoosheni mkono nisogeze maiki.

Nimeombwa niongelee muvi za madude makubwa, yani zile za nyoka mkubwa, papa mkubwa, lijusi linatoka baharini linabomoa jiji zima, na nilivyoambiwa nilifurahi sana maana mi nimekua nazo hizi. Anaconda, ile ya 1997, niliiona kibanda umiza nikiwa shule ya msingi, mabenchi ya mbao, tv ya chogo moja, watu tumebanana mpaka mlangoni na mtafsiri kakaa pembeni na maiki yake. Sasa yule mtafsiri wetu alikuwa na kitu chake, wale watu wa kwenye boti aliwapa kazi za mtaani kwetu, huyu fundi baiskeli, yule dada muuza genge, yule konda, kwaiyo nyoka akimbeba mtu haikuwa mgeni fulani wa mbali kafa, ilikuwa fundi wetu wa baiskeli kaondoka na tunamwona. Watu walipiga kelele mle ndani jamani. Na baada ya hapo wiki nyingi hakuna mtoto aliyekubali kwenda mtoni peke yake, wakati anaconda yuko Amerika ya Kusini, huku kwetu hayupo kabisa.

Miaka imepita nikaja kuiangalia tena, peke yangu, bila mtafsiri. Nyoka ni yuleyule, urefu uleule, na sikuogopa hata kidogo. Hilo swali limenikaa kichwani muda mrefu, kwamba kilichopungua ni nini?

Jibu nimelipata kwenye hadithi ambayo wengi mliokulia pwani mmesimuliwa na bibi zenu, ya Nunda mla watu. Sultani alikuwa na paka wake anampenda. Paka akala mifugo, watu wakaja kushtaki, sultani akasema mwacheni, paka ni wangu na mnyama ni wangu. Paka anakula, anakua, watu wanashtaki, sultani anasema mwacheni. Akaanza kula watoto wa watu, mwacheni. Mpaka siku alipokula watoto wa sultani mwenyewe ndo akakubali kwamba yule sio paka tena, ni nunda. Alafu mtoto mdogo wa sultani aliyebaki akaingia msituni kumtafuta, kila mnyama anayemuua anamletea mama yake anamuuliza ndio huyu, mama anamwambia mwanangu, siye. Kaleta punda milia, siye. Kaleta twiga, siye. Kaleta kifaru, siye. Kaleta mpaka ndovu, na ndovu si mdogo jamani, mama bado anasema siye.

Mi naona humo ndani ya hiyo siye kuna kila kitu kuhusu hizi muvi. Ndovu ni mkubwa kuliko paka yeyote ila hakufugwa na uzembe wa mtu, hajala mtoto wa jirani huku mkubwa anasema mwacheni. Nunda anatisha kwa sababu unajua nani kamfuga na unajua kamla nani.

Sasa chukueni Gojira, ndo huyohuyo Godzilla, ile ya mwanzo, ya Japani, ya 1954. Tarehe 1 Machi mwaka huohuo Marekani walilipua bomu la haidrojeni kule visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki, na majivu yake yakaangukia boti ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, wavuvi 23, wote wakaugua na Septemba mmoja wao akafariki. Samaki ikawa habari ya kutisha nchi nzima. Novemba muvi inatoka, na inaanzaje? Inaanza na mabaharia wamepumzika kwenye meli yao usiku, ghafla mwanga mkali baharini na meli inateketea. Hebu fikirieni yule mtazamaji wa Tokyo, miaka tisa tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, miezi nane tu baada ya wale wavuvi, kakaa gizani anaona ule mwanga. Hakuna aliyehitaji kuelezwa lile dude limetoka wapi.

Na humo ndani ni mtu kavaa gamba la mpira! Haruo Nakajima, lile vazi la kwanza lilikuwa zito karibu kilo 100, anatembea chini ya mataa ya moto juu ya jiji la kuchonga. Ule mngurumo mnaoujua wote waliupata kwenye zeze kubwa lile la kizungu, nyuzi za besi, wakazisugua na glavu ya ngozi. Ni mtu kavaa gamba tu na bado inatisha, maana mfugaji anajulikana.

Alafu angalieni kilichofuata, hapa ndo huwa naumia. Mwaka 1956 Marekani wakaichukua ileile, wakaikata sana, wakachomekea mwandishi wa habari wa Kimarekani ndo awe anasimulia, na maneno mengi ya mabomu yakapotea humo. Wakaja kutengeneza yao ya 1998, dude linaingia New York, na safari hii limetokana na majaribio ya nyuklia ya Wafaransa kule visiwa vya Polinesia, Pasifiki hukohuko. Wafaransa! Ni kweli Wafaransa walilipua huko, sikatai, ila hadithi iliyozaliwa na bomu la Marekani unaibebaje unamkabidhi jirani? Pale paka kabadilishiwa mwenye nyumba, na mi naamini ndo maana ile muvi pamoja na mvua yake na mbio zake zote haikai moyoni.

Watu wengi wa fani wanasema siri ni kumficha mnyama. Wanatoa mfano wa Jaws, 1975, ambapo papa wa mashine alikuwa anaharibika kwenye maji ya chumvi mpaka mwongozaji wake, Spielberg, ikabidi atumie muziki na mapipa yanayoelea badala ya papa. Ni kweli inafanya kazi, mi sipingi. Ila kuna ya Korea, The Host ya 2006, dude linatoka mto Han mchana kweupe mwanzoni kabisa mwa muvi, unaliona lote na mkia, na bado unatetemeka. Kwa nini? Kwa sababu umeonyeshwa kwanza kemikali inamwagwa kwenye sinki kwa amri ya mkubwa, na hilo tukio lilitokea kweli Seoul mwaka 2000, kambi ya jeshi la Marekani, na kwa sababu anayebebwa ni binti wa familia ya wauza vitafunwa ambao tayari ni kama majirani zako.

Kuhusu sayansi sitakaa sana. Ukimzidisha mnyama urefu, upana na kimo mara mbili, uzito unaenda mara nane ila nguvu ya mfupa mara nne tu, Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, kaliandika hilo 1638, kwaiyo madude haya yangevunjika miguu yenyewe. Nyoka nao hawapigi mayowe. Hayo nasamehe. Nisichosamehe ni kwa papa, maana watu baada ya Jaws waliwawinda papa kwa kujisifu, mpaka aliyeandika kile kitabu, Peter Benchley, akatumia miaka yake ya baadae kuwatetea. Yule papa hakufugwa na mtu, alikuwa ndovu wa watu, na tumemuua kama nunda.

Na ugonjwa wa hizi za siku hizi ni huohuo, madude mawili yanapigana, maghorofa yanaanguka kama maboksi, na mle ndani hamna mtu, hamna anayezikwa, hamna anayelia, steringi anatoka kajipaka vumbi kidogo tu. Alafu Wajapani wanakuja na Godzilla Minus One, 2023, watu 35 wa picha za kompyuta wametengeneza shoti 610, wanachukua Oscar, na kisa chenyewe ni cha rubani mmoja aliyekimbia kufa vitani na hawezi kulala.

Haya nisiwacheleweshe, leo tunaangalia ile ya 1954, ile ya Kijapani yenyewe. Ni nyeusi na nyeupe, mtaizoea haraka. Ombi langu moja, moto ukishawaka Tokyo mtaona mama kakaa chini barabarani kawakumbatia watoto wake, anawaambia sasa hivi tutaenda kwa baba. Ni sekunde chache tu na dude halipo kwenye picha kabisa. Muangalieni yule mama vizuri.

Kaka hapo mlangoni, tuzimie taa.