Mpingo wa kweli na mpingo wa dawa ya viatu

KAKA: Karibuni tena jamani, leo ni mpingo tu, dada hapa ameing'ang'ania hii mada muda sasa.

DADA: Lazima niing'ang'anie kaka, watu wanapigwa! Mtu anaenda kutafuta zawadi ya harusi, anauziwa mti mwepesi umepakwa dawa ya viatu anaambiwa huo ndo mpingo, anafika nyumbani vidole vyeusi tii.

KAKA: Sasa mtu wa kawaida atajuaje?

DADA: Uzito. Mpingo hata ukauke vipi unazama kwenye maji, mita moja ya ujazo inapita kilo 1,200 wakati maji ni kilo 1,000, kwa hiyo ukishika kinyago kizima halafu mkono hausikii kitu, rudisha. Pia kigeuze uone kitako, wale wa kupaka kule chini huwa wanalipua kazi.

KAKA: Na vile vijiko vya saladi vyenye mstari mweupe pembeni?

DADA: Aah vile navipenda sana! Ule weupe ni mti wa nje, chini tu ya gome, kiini ndo cheusi, na ukikitazama juani utaona kina uzambarau kwa mbali. Fundi anayejua anauacha makusudi ule mstari ufuate ukingo wa kijiko. Ila kwa mpini wa kisu au wa patasi autoe wote maana wadudu wanakula ule weupe, kiini hawakigusi.

KAKA: Kwa nini vitu vingine vinapasuka baada ya muda mfupi hivyo?

DADA: Haraka, basi. Gogo lilikuwa bichi. Mpingo unakauka taratibu mno, na unakauka kuanzia kule mwisho wa gogo, ndo maana mafundi wazuri wanapaka nta au rangi pale kwenye ncha zilizokatwa halafu wanaliweka kivulini, si juani, wanalisahau kwanza. Wengine wanachonga umbo kwa juujuu na tezo, lile shoka dogo la kuchongea, wanaliacha lipumue, ndo wanarudi na patasi, tupa, msasa, mwisho nta ya nyuki na kitambaa. Na ule weusi unaong'aa ni wa mti wenyewe, kitambaa kimeung'arisha tu.

KAKA: Tezo yenyewe si inakufa?

DADA: Inakufa makali kila mara, utamkuta fundi jiwe la kunolea liko hapo hapo pajani. Wengi tezo zao zimefuliwa kwa springi za magari, chuma kigumu. Halafu barakoa jamani, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, nawaona vijana wanapiga msasa siku nzima pua wazi, inaniuma kwa kweli.

KAKA: Na miti yenyewe ipo ya kutosha?

DADA: Hapo ndo pagumu. Mpingo unataka miaka 70 mpaka 100 ufikie saizi ya kuvunwa, shina limepinda, ndani lina nyufa na matundu, yaani gogo la kutengenezea klarineti na obo, zile ala za muziki za kupuliza, kinachotoka kinafaa ni kidogo sana, kingine chote ni mabaki. Mi nasema yale mabaki ndo mali ya fundi wetu: vifungo, vitana, pete, mipini ya visu. Hakuna haja ya kuangusha mti mzima kwa ajili ya kitana!

KAKA: Kule Kilwa, kusini mwa Tanzania, si wana utaratibu wao?

DADA: Wanao na unanipa moyo. 2009 misitu ya vijiji kule, Kikole kikiwemo, ilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kijiji kinalinda msitu wake, kinaamua mti upi ukatwe na hela inabaki kijijini. Mzee anayelipwa kwa mti wake hawezi kumwachia mtu aje na msumeno usiku.

KAKA: Kwa hiyo msikilizaji akienda Mwenge, Dar es Salaam, kwenye soko la vinyago, aulize nini?

DADA: Aulize gogo limetoka wapi. La halali lina alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na lilisafiri na hati yake, na fundi aliyenunua kihalali anakujibu bila kubabaika. Na bei ikiwa juu kidogo usimkamue kaka wa watu, kile kijiko kimoja amekipigia msasa kuanzia ule mkwaruzo mpaka ule laini kama karatasi ya daftari.

KAKA: Mi kesho naenda, nataka mpini wa kisu cha jikoni.

DADA: Chukua usio na weupe.