Strøget: Baraza ya Nchi ya Baridi

Ndugu zangu watazamaji, habari za huko nyumbani. Leo nimewaleta katikati ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, na hapa niliposimama ni Rådhuspladsen, uwanja ulio mbele ya ukumbi wa jiji. Mnara mnaouona nyuma yangu una urefu unaozidi mita 105, na jengo lake lilikamilika mwaka 1905, lakini leo hautuhusu. Tunaupa mgongo, tunavuka barabara na kuingia Strøget, mtaa wa maduka na migahawa ulioachiwa waenda kwa miguu.

Nianze kwa kukiri ushamba wangu. Nilipofika hapa mara ya kwanza, nilizunguka karibu nusu saa nikitafuta kibao chenye jina la Strøget, nisijue kwamba hakipo. Jina hilo ni la mazoea tu. Vibao vya ukutani vinataja barabara na viwanja vinavyofuatana, kama Frederiksberggade, Nygade, Vimmelskaftet, Amagertorv na Østergade, hadi unapotokea Kongens Nytorv, mwendo wa kilomita 1.1. Nikamwuliza mama mmoja, nikalisoma jina kama linavyoandikwa, naye hakuambulia kitu. Wenyewe hutamka kitu kama "stroiedh", na ile dh ya mwisho inakaribiana na dh yetu ya dhahabu, ila imelegezwa. Mswahili akishaambiwa, haimpi taabu.

Sehemu hii ya mwanzo, sitawaficha, hainifurahishi. Imejaa maduka ya fulana na sumaku za kubandika kwenye friji, pamoja na chapa za nguo ambazo utazikuta katika karibu kila mji mkubwa wa Ulaya. Tusonge mbele.

Tazameni upana wa njia yenyewe. Kabla ya mwaka 1962 magari yalipita humu humu, na waenda kwa miguu wakabanwa kwenye kingo. Tarehe 17 Novemba mwaka huo jiji likayafungia magari nje kwa majaribio. Baadhi ya wenye maduka walipinga kwa nguvu, wakidai kwamba mteja asipofika na gari hatafika kabisa, na kwamba kukaa nje kuzungumza na kupiga soga ni desturi ya Waitalia, si ya Wadenmark, ambao baridi huwafungia ndani kwa miezi mingi. Biashara haikufa, na mwaka 1964 uamuzi ukafanywa wa kudumu. Magari ya kushusha bidhaa bado huruhusiwa kuingia asubuhi, na mwenye baiskeli, katika mji huu unaosifika kwa baiskeli, hushuka akaikokota.

Katika miaka hiyo ya 1960, msanifu majengo kijana aitwaye Jan Gehl alianza kuja hapa kuwatazama watu: wanatembeaje, wanasimama wapi, wanakaa wapi. Aligundua kwamba mbele ya mabenki na maofisi watu hupita bila kugeuza shingo. Penye ujenzi walikuwa wakisimama kutazama, lakini mafundi walipokuwa kazini tu. Mafundi wakiondoka, hakuna aliyekuwa na haja na lile jengo. Hebu nigeuze kamera tuhakikishe. Yule mzee anayepiga kodiani amezungukwa na watu wasiopungua ishirini, na mtoto mmoja ameketi chini kabisa, karibu na kasha la sarafu. Hatua kumi kutoka hapo kuna dirisha kubwa la benki, lenye taa nzuri na picha za nyumba za kupendeza. Mbele yake hayupo hata mmoja.

Njaa imeanza kuuma. Kile kibanda cha magurudumu kinaitwa pølsevogn, yaani gari la soseji, na mjini hapa vimekuwapo tangu mwaka 1921. Soseji ya asili ni nyekundu ya kukoza, na ukitaka hupewa ikiwa peke yake juu ya karatasi, mkate pembeni, na haradali imemiminwa kando. Mimi nachukua iliyowekwa ndani ya mkate, ikafunikwa kwa vitunguu vya kukaangwa, vitunguu vibichi na vipande vyembamba vya matango ya siki. Inaliwa kwa kusimama, huku umeinama kidogo ili mchuzi usichirizike kwenye koti. Nimeshindwa, kama mnavyoona.

Sasa tumefika Amagertorv, na hii chemchemi yenye sanamu za korongo imesimama hapa tangu mwaka 1894. Huku watoto huambiwa kwamba korongo ndiye anayemleta mtoto mchanga, na tangu mwaka 1950 wakunga wanaohitimu masomo huja kuizunguka wakicheza. Sijawahi kuwakuta, na kila mwaka huwa najiambia kwamba safari hii sitawakosa.

Nimepata kiti nje ya mgahawa. Viti vyote, kama mnavyoviona, vimeelekezwa njiani, na juu ya kila kiti kuna blanketi lililokunjwa. Nadhani hilo ndilo jibu walilopewa wale wafanyabiashara wa mwaka 1962: baridi haikupungua, ila watu wamejifunika na kuendelea kukaa barazani. Kaka mmoja amepita na mfuko mkubwa akiulizia chupa tupu, nami nimempa yangu ya maji, maana akiirudisha dukani atalipwa amana yake, ambayo huwa kati ya krone 1 na krone 3 kwa chupa au kopo. Kahawa yangu imeletwa. Nazima kamera niinywe ingali moto.