Augustino na mlevi wa Milan

Tumsifu Yesu Kristo. Kaeni, vijana.

Mmeniomba niseme juu ya furaha ya kweli. Wengi wenu mmeshanisikia nikimtaja Mtakatifu Augustino, na leo mtanisikia tena, maana sioni kama tumeelewana. Kuzaliwa kwake Thagaste, machozi ya mama yake Monika, ule usemi wake wa moyo usiotulia mpaka utulie kwa Mungu, yote hayo mnayajua. Siyarudii. Twende moja kwa moja Milan, Italia.

Ni miaka ya 380, na Milan ndiko anakokaa Kaisari. Kijana wa Kiafrika, ambaye kwao ni Algeria ya leo, ameteuliwa kuwa mwalimu wa ufasaha wa mji huo. Kazi hiyo ilikuwa ngazi. Mwenyewe alihesabu kwamba hata ugavana angeweza kuupata. Siku hiyo anajiandaa kwenda kumsifu Kaisari mbele ya watu. Ameandika baadaye kwamba hotuba ilijaa uongo, na kwamba waliojua kuwa ni uongo ndio wangemshangilia. Moyo unamwenda mbio, hana raha. Anapita mtaani na rafiki zake, wanamkuta ombaomba ameshalewa, anacheka, anataniana na watu.

Augustino akaugua moyoni. Akawaambia wenzake: mtu huyu, kwa vijisenti vya kuombaomba, amekifikia kile ambacho sisi tunakihangaikia na bado hatujakipata. Hakusema furaha ya mlevi ni ya kweli, msimsingizie. Alisema hata ile aliyokuwa anaitafuta yeye ilikuwa ya uongo zaidi. Kisha akaongeza jambo ambalo nataka mwende nalo nyumbani: mlevi yule pombe ingemtoka usiku uleule, lakini yeye alikuwa analala na ulevi wake, anaamka nao, na jioni analala nao tena.

Ulevi gani? Cheo. Kusifiwa. Sisi ulevi wa kilabuni tunaukemea kila Jumapili, huu mwingine tunaukodia ukumbi. Kijana akinunua gari namba E, tunatoa sadaka ya shukrani, hakuna anayemuuliza kama usiku anapata usingizi.

Najua yuko mtu hapo nyuma anayesema: mzee, wanaoikataa dunia ni wale walioikosa. Sizitaki mbichi hizi! Hoja hii naisikia kila semina na imenichosha, kwa sababu Augustino zabibu alizifikia. Mkono ulikuwa kwenye kishada. Ameshaposewa binti wa familia yenye uwezo, na kwa ajili ya ndoa hiyo mwanamke aliyeishi naye miaka mingi, mama wa mwanawe Adeodato, akarudishwa Afrika. Anakiri kwamba moyo wake ulichanika, ukatoka damu. Na yule mama je? Ngazi za namna hii mara nyingi anayezilipia ni mtu mwingine, na hapa sina huruma na Augustino hata kidogo. Kazi alikuwa nayo, mchumba alikuwa naye, raha hakuiona. Mwaka 386, bustanini, akafungua Warumi sura ya 13: "Bali mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." Uchumba akauacha, kazi akaiacha. Pasaka ya 387 Ambrosi, askofu wa Milan, akambatiza.

Mwingine ananiuliza: basi na sisi tuache kazi? Nani amesema hivyo? Augustino akiwa askofu wa Hippo, huko kwao Afrika, alifanya kazi kuliko alipokuwa Milan: kuhubiri, kuamua kesi za watu, kujibu barua, kwa zaidi ya miaka 30. Fanyeni kazi, jengeni nyumba. Ila wale wanaowauzia upako ili mpate magari, hao wanawarudisha Milan, tena kwa jina la Yesu. Jambo hili linaniumiza sana.

Nilitaka kusema juu ya sala, na juu ya Mhubiri sura ya 2, lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa. Niseme moja tu. Mwaka 430 Wavandali, wavamizi waliotoka Ulaya, wameuzingira mji wa Hippo, Augustino yuko kitandani anakufa. Akaomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akawa anazisoma huku analia. Mzee wa miaka 75, askofu, bado anatubu. Padre atakuwa kwenye kitubio Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Njooni.