Wajukuu wa Jina Lililopigwa Marufuku: Mhadhara kuhusu Nasaba za Uskoti

Ndugu zangu, habari za jioni. Wengi mliokuja mna watoto au wajukuu wenye damu ya Kiskoti, na mambo ya koo mmezaliwa nayo, kwa hiyo sitawafundisha ukoo ni nini. Naanza na lile linaloniudhi.

Kila mara mtu huniletea karatasi aliyoichapa kutoka mtandaoni. Juu yupo Robert the Bruce, mfalme wa kale wa Uskoti, chini yupo yeye, na kati yao mstari umenyooka kama timazi. Namuuliza: babu wa babu yako alibatizwa parokia gani? Kimya. Ana ncha mbili za kamba, kamba yenyewe hana.

"Lakini sisi ni akina Campbell," ananiambia, "na Campbell ndio ukoo wa Duke wa Argyll." Jamani! Hapa nitakaa, hata nikila muda.

Mwaka 1603 akina MacGregor waliwapiga akina Colquhoun vibaya sana katika bonde la Glen Fruin. Serikali ya Mfalme James VI ikaliharamisha jina lenyewe: atakayeendelea kujiita MacGregor, adhabu yake kifo. Chifu wao, Alasdair wa Glenstrae, alinyongwa Edinburgh mwaka uliofuata. Waliobaki wangefanya nini? Wakajiita Campbell, Drummond, Murray, Grant, Stewart. Rob Roy MacGregor, yule mnayemsikia katika hadithi, alitumia Campbell, jina la upande wa mama yake. Marufuku ikaondolewa 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa moja kwa moja 1774. Toka mwanzo hadi mwisho ni miaka 171! Mtoto anabatizwa kwa jina la kuazima, anaoa nalo, anazikwa nalo, na wajukuu hawaambiwi kitu kwa sababu kuwaambia ni hatari.

Basi wewe Campbell wa leo, umejuaje kwamba babu yako hakuwa MacGregor aliyejificha? Au mkulima aliyechukua jina la chifu aliyempa ardhi na ulinzi? Neno *clann* kwa Kigaeli ni watoto, lakini waliosimama nyuma ya chifu hawakuwa wote wa tumbo lake. Jamaika nako akina Campbell wamejaa, na wengi wao jina hilo liliwafikia kwa njia ya utumwa. Hao nao wana haki ya kujua walikotoka, na jina pekee haliwaambii.

Mtasema nawavunja moyo. Sivyo. Pigeni hesabu: wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, wanane, kumi na sita, ukifika kizazi cha 20 unahitaji watu 1,048,576. Alexander Webster alipohesabu Uskoti nzima mwaka 1755 alipata watu milioni moja na robo hivi, na karne tatu nyuma yake walikuwa wachache zaidi. Maana yake wazee wako wanajirudia katika mti, na wazee wa jirani yako ni walewale. Robert II, mfalme wa kwanza wa akina Stewart, alizaa watoto wengi mno, ndani na nje ya ndoa. Damu ya kifalme huenda unayo kweli. Kazi ni kuithibitisha, na inaanzia chini, kwako wewe, hati baada ya hati.

Uskoti imetubariki kwa jambo moja ambalo Uingereza haikulifanya. Tangu 1 Januari 1855, cheti cha kifo huandikwa baba na mama wa marehemu, na mama kwa jina la kwao. Karatasi moja inakurudisha kizazi kizima! Na vyeti vya mwaka huo wa 1855 vina maelezo mengi kuliko ya miaka iliyofuata. Ukibahatika kuwa na mzee humo, shukuru.

Naonyeshwa saa, nakimbia. Kabla ya 1855 ni madaftari ya parokia. La zamani kuliko yote ni la Errol, 1553, na mengi yana mapengo. Mzee wako akiwa na ardhi, tafuta rejista za Sasines, yaani za umiliki wa ardhi, tangu 1617. Ukoo wa malodi mara nyingi huingia kwa binti au mtoto wa mwisho asiyerithi kitu, kwa hiyo msiwaruke wanawake. Nembo, ile ngao yenye alama, ni mali ya mtu mmoja, imesajiliwa kwa Lord Lyon, ofisa wa nembo wa Uskoti. Ile ya kwenye kikombe cha dukani si yenu. Vipimo vya DNA nitaviacha.

Leo usiku mpigieni simu shangazi mkubwa kuliko wote. Muulizeni bibi alifia mji gani, mwaka gani, na mama yake akiitwa nani kabla hajaolewa.