Mkopo wa Mfugaji na Kalenda ya Benki

Ndugu zangu maafisa mikopo, wengi wenu mshanichoka kwa hili, na leo nalirudia: nani aliwaambia mfugaji alipe kila mwisho wa mwezi? Ana mshahara?

Chukueni Kajiado, Kenya. Mwaka 1968 sheria ya ranchi za kikundi inapitishwa. Wamasai wanaambiwa wajiandikishe, wachague wawakilishi, wapewe hati miliki ya pamoja, na kwa hati hiyo AFC, shirika la serikali la mikopo ya kilimo, iwakopeshe fedha za mradi wa Benki ya Dunia. Kwenye makaratasi hesabu ilitulia kabisa: chimba kisima, jenga josho, nenepesha maksai, uza, lipa. Josho lenyewe watu walilitaka, maana ndigana, ugonjwa wa kupe, ilikuwa inawamalizia ndama. Lakini ng'ombe ni wa kila mtu na boma lake, deni ni la wote! Mwenye kumi na mwenye mia tatu wanadaiwa pamoja. Wewe ungeuza wako ulipie maji waliyokunywa wa jirani? Halafu ukaja ukame wa miaka ya 1970. Deni linadaiwa wakati ule ule kila mtu anaswaga mifupa mnadani na mnunuzi anajitajia bei anayotaka. Anayeuza siku hiyo anauza mpaka ng'ombe wa mbegu, na deni bado lipo.

Mtasema, "Wamasai hawapendi kuuza." Nalisikia kila mwaka, na mara nyingi kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga mnadani. Anayelimbikiza mitamba anajua kiangazi kitachukua sehemu yake. Wengine anawapa rafiki wa mbali amtunzie, mvua ikikosa huku, huenda ikapatikana kule. Huo ni udhibiti wa hatari, tena hauna fomu ya kurasa sita.

Ranchi zilivyogawanywa baadaye na hati zikaishia wapi, hiyo ina siku yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi mbio mbio. Bima ya mifugo ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, 2010: setilaiti inapima ukijani wa malisho, ukishuka mno mwenye bima analipwa, hakuna kuhesabu mizoga. Nzuri, ila setilaiti inaona kijani, haijui kama ni nyasi au kichaka. Sheria ya 2017 inaruhusu ng'ombe kuandikishwa kuwa dhamana. Sawa, lakini dhamana hiyo nyasi zikiisha inavuka kwenda Tanzania, na mwenyewe akifuata nyuma. Msimwite mtoro. Mpangieni marejesho baada ya mvua, ng'ombe wakiwa na nyama.

Maswali? Wewe wa nyuma, la riba nitalijibu mwisho.